Mikia Iliyolala: Uchambuzi wa Kisa cha Kupima Mshtuko wa Vishale vya Usingizi, Arusha

Kisa hiki ni cha kazi iliyofanyika Arusha, na mimi nilikuwa mpimaji wake. Nimeondoa majina ya watu, ya karakana, ya maabara na ya hifadhi iliyohusika. Tarakimu za vipimo nimeziacha kama zilivyoandikwa kwenye daftari, isipokuwa pale nilipozikadiria hadi namba nzima ili hesabu isomeke kwa urahisi.

Usuli

Daktari wa wanyamapori anaporusha kishale cha dawa ya usingizi na kumkosa mnyama, kazi yake haijaisha, bali imeanza nyingine iliyo mbaya zaidi. Dawa inayotumika kwa wanyama wakubwa kama tembo na kifaru, yaani etorfini, ina nguvu inayozidi ya mofini kwa zaidi ya mara elfu moja, na kiasi kidogo tu kikiingia kwenye jeraha la binadamu kinaweza kumuua asipopewa upesi dawa ya kuizimua. Kishale kilichopotelea kwenye majani marefu hakiwezi kuachwa hapo kimsubiri mchungaji anayepita peku. Ndiyo sababu kikundi chetu cha watu wanne, yaani daktari wa wanyama, fundi mzee wa mashine ya kukereza, kijana wa elektroniki na mimi, kilianza kutengeneza mkia wa redio: kipande kinachofungwa nyuma ya kishale ili kitoe mlio unaonaswa na kipokezi mpaka kishale kipatikane.

Mkia wenyewe ni bomba la plastiki la sentimita nne. Ndani yake mna bodi ya saketi, betri ya gramu 3, springi inayoisukuma betri kutoka nyuma ili iguse mguso wa mbele, na waya wa antena. Sumaku inapokuwa imebandikwa ubavuni, mkia hulala. Daktari akiibandua, mkia huamka na kuanza kutuma mlio wa milisekunde 300 katika kila sekunde. Kishale kizima, kikiwa na maji mahali pa dawa, kilikuwa na gramu 28. Tangu mwanzo daktari aliweka sharti kwamba hakuna dawa halisi itakayosogezwa karibu na majaribio yoyote, na sharti hilo halikuvunjwa hata siku moja.

Katika majaribio ya kwanza ya uwandani tulirusha vishale 20 kwenye gogo lililofunikwa ngozi ya ng'ombe, kwa kasi ya takriban mita 60 kwa sekunde. Mikia 7 ilinyamaza.

Kishale kinachorushwa hupata mishtuko miwili isiyofanana hata kidogo. Bomba la bunduki ya hewa lina urefu wa sentimita 70. Kufikia mita 60 kwa sekunde ndani ya umbali huo kunahitaji mchapuko (yaani kasi ya kubadilika kwa mwendo) wa wastani wa g 260 hivi, g moja ikiwa ni mchapuko wa mvuto wa dunia, unaodumu kwa takriban milisekunde 20. Kisha kishale kinapogonga na kusimama ndani ya sentimita mbili, mchapuko wa kusimama unafika g 9,000 hivi, lakini kwa muda usiofika milisekunde moja. Wa kwanza ni msukumo na wa pili ni kofi. Kwa kuwa kofi lilikuwa na ukubwa wa zaidi ya mara thelathini ya msukumo, sote wanne tulikubaliana bila mjadala kwamba ndilo linaloua mikia. Naandika hivyo kwa makusudi: bila mjadala.

Duru ya kwanza kwenye mnara

Maabara iliyokubali kutusaidia ilikuwa na mnara wa kudondoshea, yaani kigari kizito kinachoteremka kwenye reli mbili na kugonga msingi uliotandikwa felti. Mnara huo haukuweza kufika g 9,000. Tuliamua kuanza na g 1,500 kwa nusu milisekunde, kwa sababu jedwali la mnara lilionyesha kwamba mteremko wa sentimita 60 juu ya tabaka mbili za felti hutoa mshtuko wa kiasi hicho, na kwa sababu tuliona kwamba mkia utakaokufa hapo utakuwa umekufa na huko juu. Uamuzi huo haukuwa wa kijinga. Makosa yalikuwa katika mambo matatu madogo tuliyoyafanya ili kurahisisha kazi.

La kwanza lilikuwa jigi, yaani kishikio cha kukibana kishale kwenye kigari. Fundi alitengeneza bloku ya alumini yenye mfereji wa umbo la V, kishale kikalazwa humo na kubanwa kwa bamba lenye bolti mbili. Kwa kuwa kililala, kilipigwa ubavuni, ingawa uwandani mishtuko yote miwili hupita kwenye urefu wake. Tena bolti zilikazwa mpaka bomba la plastiki likawa la mviringo uliobonyea, na bodi iliyokuwa ndani ikapinda kidogo kabla hata kigari hakijaachiwa. La pili lilikuwa kihisi cha mchapuko. Nafasi juu ya jigi ilikuwa finyu, kwa hiyo nilikifunga kwenye kona ya bati la milimita tatu iliyochomoza pembeni. La tatu lilikuwa sumaku. Mlio wa mikia kumi kwa pamoja uliwakera wenye maabara, nasi tukaacha sumaku zibandikwe wakati wa kupiga. Kila mkia ulipigwa ukiwa umelala, ukaamshwa baadaye ili tuone kama ungali hai.

Mikia 6 kati ya 10 haikuamka. Kijana wa elektroniki aliifungua na kukuta kristali ya saa, yaani kipande cha kwatzi kinachotoa mapigo ya kuongoza saketi, imevunjika katika yote sita. Kihisi kilikuwa kimeonyesha kilele cha g 2,600, nami nikaandika kwenye ripoti kwamba kristali hizo hazistahimili mshtuko wa g 2,600. Ilionekana kazi safi: chanzo kimepatikana, na kina namba yake.

Tulibadilisha kristali na kuweka kitoa-mapigo cha silikoni, ambacho hakina uma mwembamba wa kwatzi wa kuvunjika. Bodi mpya zilichukua miezi mitatu kufika. Ziliporudi kwenye mnara, mikia yote 10 iliamka baada ya kupigwa, na siku hiyo tulikula nyama choma kwa gharama ya mradi.

Uwandani kwa mara ya pili

Vishale 20 vilirushwa, na mikia 6 ikanyamaza. Daktari alikaa kimya kwa muda, kisha akamwambia fundi, "Mzee, mashine yenu inapima nini hasa?" Fundi hakujibu, na mimi, ambaye swali lilikuwa langu kwa haki, nilijifanya ninakunja waya.

Hesabu iliyokataa

Niliporudi mjini nilichukua rekodi zote za mnara na kufanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya siku ya kwanza: kujumlisha eneo lililo chini ya mchoro wa mchapuko. Eneo hilo ndilo badiliko la kasi. Rekodi zilinipa mita 9.6 kwa sekunde.

Haiwezekani. Kitu kinachoanguka sentimita 60 hufika chini kikiwa na kasi ya mita 3.43 kwa sekunde, na hata kingeruka juu kikamilifu bila kupoteza chochote, badiliko lake la kasi lingekuwa maradufu ya hapo, yaani mita 6.9. (Nimetumia mvuto wa 9.78, kwa kuwa tuko karibu na ikweta na juu ya mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Tofauti na 9.81 ya vitabuni haifiki nusu ya asilimia, na katika kisa hiki ilikuwa dhambi ndogo kuliko zote.) Tulisimamisha rula kando ya mnara na kupiga video ya simu kwa picha 240 kwa sekunde. Kigari kiliruka sentimita 8. Urukaji huo unahitaji kasi ya mita 1.25, ukiijumlisha na 3.43 unapata 4.68. Mshtuko wa nusu wimbi, yaani unaopanda na kushuka mara moja tu, wa g 1,500 kwa nusu milisekunde unapaswa kutoa takriban 4.7. Maana yake ni kwamba mnara ulikuwa umesema kweli kwenye jedwali lake muda wote, na aliyedanganya ni kihisi changu.

Kilidanganya mara mbili, na kila uongo ulikuwa na chanzo chake.

Uongo wa kwanza ulikuwa kilele. Niligonga ile kona ya bati kwa mpini wa bisibisi na kuangalia osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme: ilivuma kwa takriban hezi 1,700, yaani mitikisiko 1,700 kwa sekunde. Anayejua ilimba, ala ya ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, ataelewa mara moja. Ukigonga ubao wa ilimba, kila ulimi hutikisika kwa kiasi chake kulingana na ulivyopangwa, na ule ambao mlio wake wa asili unaendana na urefu wa pigo ndio unaotikisika kupita wote. Mwanafizikia Maurice Biot alilitumia wazo hilo miaka ya 1930 kwa majengo na matetemeko ya ardhi, na leo mchoro wa mwitiko unaotumika katika maabara za mshtuko ni uleule: safu ya ndimi za kufikirika, na swali moja tu, ulimi upi umetikisika kwa kiasi gani. Kwa pigo la nusu wimbi lenye nusu milisekunde, ulimi unaopata hasara kubwa kuliko yote ni ule wa hezi 1,600 hivi, nao hupata karibu mara 1.8 ya pigo lenyewe. Kona yangu ilikuwa imekaa karibu kabisa na hapo. Pigo la g 1,500 likasomeka 2,600, na namba niliyoiandika kwenye ripoti ilikuwa kipimo cha kipande cha bati.

Uongo wa pili ulikuwa eneo. Mtikisiko wa kona hupanda na kushuka, kwa hiyo hauongezi badiliko la kasi; lazima kulikuwa na kitu kingine. Nilipokuza sehemu ya rekodi iliyofuata baada ya pigo, mstari ulikuwa haujarudi kwenye sifuri. Ulikuwa umebaki kama g 100 juu yake, na nilikuwa nimejumlisha milisekunde tano za mstari huo: karibu mita 4.9 kwa sekunde za uzushi mtupu. Vihisi vya aina hiyo vikitikiswa kupita uwezo wake huweza kuhamisha sifuri, na waya wake unaochapwa hewani huongeza taabu.

Tuliondoa kona. Kihisi kilifungwa kwa skrubu moja kwa moja kwenye kigari, juu ya uso uliolainishwa na kupakwa mafuta kidogo, na waya ukabandikwa kwa tepu hatua kwa hatua ili usichape. Mapigo kumi yaliyofuata yalisomeka kati ya g 1,480 na 1,540, mstari ukarudi kwenye sifuri, na eneo likatoa kati ya mita 4.6 na 4.8. Jambo moja la pembeni: asubuhi za Julai, felti ikiwa baridi na imeshindiliwa na kazi ya jana, pigo lilikuwa fupi na kali kuliko la alasiri. Tulianza kupiga mapigo matatu matupu kabla ya kila kazi.

Tatizo hili ni la zamani kuliko sisi. Mwaka 1914 mhandisi Bertram Hopkinson wa Uingereza alipotaka kujua risasi inasukuma kwa nguvu gani inapogonga, hakutafuta geji ya kubandika mahali pa pigo. Alining'iniza fimbo ndefu ya chuma, akaipiga risasi upande mmoja, na upande wa pili akaambatisha kipande kifupi kilichoruka kikiwa kimebeba sehemu ya pigo, akapima mwendo wa kipande hicho. Kifaa chenyewe kilikuwa rahisi kiasi kwamba tabia yake yote ilijulikana kabla ya risasi kupigwa.

Mkia uliolala

Kusahihisha kipimo hakukueleza bado kwa nini mikia inanyamaza uwandani. Mikia 6 ya safari ya pili ilikuwa kwenye kopo juu ya meza ya fundi, imeandikwa "mbovu" kwa kalamu nyekundu. Hatukuwa tumeifungua kwa sababu ilikuwa imejazwa gundi ya epoksi, na kuifungua ni kuiharibu.

Fundi alikuwa akikusanya skrubu zilizomwagika kwa sumaku ya spika ya zamani. Sumaku ilipita juu ya kopo, akaiondoa, na kipokezi kilichokuwa kimeachwa wazi kwenye rafu kikaanza kulia. Alirudia kwa mkia mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayehesabu vifaranga. Yote sita ililia.

"Mwanangu," aliniambia, "hizi si maiti. Hizi zimelala."

Kwa miezi mitano tulikuwa tumeita kifo kitu ambacho hakikuwa kifo. Programu ya mkia ilikuwa imeandikwa hivi: umeme ukikatika na kurudi, mkia uanze ukiwa umelala mpaka sumaku isogezwe na kuondolewa, ili fundi anayebadilisha betri asisumbuliwe na mlio. Kwa hiyo kitu pekee kilichohitajika kuunyamazisha mkia kilikuwa kuukatia umeme kwa muda mfupi.

Hesabu iliyobaki iliandikwa nyuma ya risiti ya duka la vipuri. Springi ilikuwa inasukuma betri kwa nguvu sawa na uzito wa gramu 200. Betri ina gramu 3. Ikifika g 67, betri "inakuwa na uzito" wa gramu 200, na zaidi ya hapo springi inashindwa. Kishale kinaposukumwa mbele ndani ya bomba, betri hubaki nyuma, inaibana springi, na mguso wa mbele unafunguka. Msukumo ni g 260, kwa milisekunde 20. Kwenye bodi kulikuwa na kapasita, yaani kihifadhi kidogo cha umeme, ya mikrofaradi 10, ambayo mkia ukiwa unatuma kwa miliampea 5 inaweza kushikilia umeme kutoka volti 3 hadi 1.8 kwa milisekunde 2.4 tu. Mkia ukiwa kimya kati ya mlio na mlio, matumizi ni madogo mno na kapasita hiyohiyo inatosha kabisa.

Mlio ni milisekunde 300 katika kila sekunde. Ongeza 20 za msukumo wenyewe, na nafasi ya mlio kukutana na msukumo ni karibu theluthi moja. Saba kati ya ishirini. Sita kati ya ishirini. Kofi la g 9,000 tulilolihofia halikuhusika. Kilichokuwa kinalaza mikia ni ule msukumo mdogo, kwa sababu ulikuwa mrefu.

Bomba na vitambaa vya mitumba

Mnara haukuweza kutoa msukumo huo kwa namna yoyote. Mteremko wa mita mbili hutoa kasi ya mita 6.3 kwa sekunde, na sisi tulihitaji 60. Unaweza kuulazimisha mnara utoe g sahihi, au muda sahihi, lakini si vyote viwili, kwa sababu vikizidishwa ni kasi, na kasi hiyo mnara hauna. Tuliamua kuuacha kwa sehemu hii ya kazi na kutengeneza bomba la mlalo lenye urefu uleule wa sentimita 70, hewa iliyoshindiliwa, na milango miwili ya mwanga mdomoni kwa ajili ya kupima kasi.

Ugumu ulikuwa kudaka. Kishale kilichorushwa lazima kisimame, na kikisimama vibaya utakuwa umepima usimamaji. Siku ya kwanza tulitumia sanduku la mchanga: kishale kilisimama ndani ya sentimita 8, sawa na g 2,300 kwa wastani, karibu mara tisa ya msukumo tuliotaka kuuchunguza. Tulimwaga mchanga. Sanduku jipya lilikuwa na mita mbili na nusu za vitambaa vya mitumba visivyouzika, vilivyonunuliwa kwa bei ya kutupa kwenye soko la Memorial, Moshi, vikatandazwa kwa ulegevu mbele na kushindiliwa zaidi nyuma. Vishale vilisimama baada ya mita mbili hivi, kwa wastani wa g 90 na kidogo, na mwelekeo wa kusimama huisukuma betri kwenye mguso wa mbele badala ya kuiondoa. Udakaji haukuwa tena na uwezo wa kulaza mkia.

Hatukuweka kihisi chenye waya kwenye kishale, kwa kuwa kihisi na waya wake vilikuwa na karibu nusu ya uzito wa kishale chenyewe, na kishale cha gramu 40 si kishale chetu. Badala yake tulitengeneza kishale kimoja ambacho mahali pa maji paliwekwa kirekodi kidogo, na uzito ukarudishwa kwenye gramu 28 kwa vipande vya risasi ya kulehemu. Kirekodi hicho kinapima hadi g 400 na kuchukua usomaji 1,000 kwa sekunde. Kwa msukumo wa milisekunde 20 hiyo ni nukta ishirini, zinatosha. Kilele kilisomeka g 350. Tulijumlisha eneo lake na kupata mita 58 kwa sekunde dhidi ya 60 ya milango ya mwanga. Kijana wa elektroniki alitaka tutumie kirekodi hichohicho kwenye gogo ili tupate na namba ya kofi. Tulikataa: kofi la chini ya milisekunde moja lingepitia kati ya usomaji mmoja na mwingine, na lingezidi g 400 kwa mbali. Kirekodi kingetoa namba, bila shaka. Kingetoa namba yoyote.

Matokeo

Jaribio lililomaliza ubishi lilikuwa rahisi. Mikia 10 ya zamani ilipangwa itume mfululizo bila kupumzika, ikarushwa. Yote 10 ililala. Mikia mingine 10 ilipangwa isitume kabisa wakati wa kurushwa, hakuna uliolala.

Kisha tulibadilisha jambo moja kwa wakati. Kapasita ya mikrofaradi 220, inayoshikilia umeme kwa milisekunde 50 na zaidi, iliwekwa peke yake kwenye mikia 20 inayotuma mfululizo, na hakuna uliolala. Programu inayokumbuka kwamba mkia ulikuwa macho iliwekwa peke yake kwenye mikia 10 mingine. Yote ilikatika umeme, ikaanza upya na kuendelea kulia yenyewe. Mikia ya mwisho ilipewa vyote viwili.

Uwandani vilirushwa vishale 30. Mkia 1 ulinyamaza, na safari hii tulijaribu sumaku kwanza kabla ya kuuita mbovu. Haukuamka. Waya wa antena ulikuwa umekatika pale ulipolehemiwa kwenye bodi.

Uchambuzi

Kosa lililogharimu zaidi, kwa maoni yangu, halikuwa ile kona ya bati ingawa ndiyo inayonitia aibu. Lilikuwa kutolinganisha vifo. Maabara ilivunja kristali; uwandani hakuna kristali iliyowahi kuvunjika. Tungefungua mkia mmoja tu wa safari ya kwanza na kuukuta mzima, tungejua papo hapo kwamba mnara unaua kwa njia yake na pori linalaza kwa njia yake, na miezi mitatu ya kusubiri bodi isingepotea. Gharama ya kuharibu mkia mmoja wa majaribio ilionekana kubwa wakati ule. Nasita kusema kwamba kitoa-mapigo cha silikoni kilikuwa hasara, maana huenda kitatusaidia siku moja, lakini hakikuwa jibu la swali lililoulizwa.

Mnara nao ulivunja kristali kwa sababu ya bolti. Baadaye tulirudia mapigo yaleyale ya ubavuni kwa mikia mitano ya zamani iliyoshikwa kwenye pete mbili za mpira mgumu zisizolibonyeza bomba, na hakuna kristali iliyovunjika. Jigi lilikuwa limeikunja bodi kabla ya pigo, na pigo likamalizia. Njia ya kushika kitu ni sehemu ya mshtuko kinaoupata. Nilikuwa nimesoma hilo mara nyingi bila kuliamini kwa mikono.

Hali ya kifaa wakati wa pigo ilikuwa kosa la tatu, na ndilo ninalodhani hurudiwa mara nyingi kuliko yote. Mkia uliolala hauwezi kulazwa. Kwa kuacha sumaku ili tusikere watu, tuliondoa uwezekano wa kuona tatizo lenyewe, hata kama tungegeuza kishale na kukipiga kwa urefu wake. Kwa kweli tulijaribu hilo pia, mikia ikiwa macho: pigo la nusu milisekunde lilifungua mguso kwa chini ya milisekunde mbili, kapasita ndogo ikavuka, na mikia ikaendelea kulia. Mnara ungeweza kutupa g 1,500 mchana kutwa bila kutuonyesha kile ambacho g 260 za bomba zilionyesha kwa mara moja.

Kilichofaulu ni hesabu ya badiliko la kasi, kwa sababu haimtegemei aliyefunga kihisi. Urefu wa mteremko na urefu wa mruko hupimwa kwa rula. Kiwango cha kimataifa cha kupima mshtuko, IEC 60068-2-27, hudai badiliko la kasi lililopimwa lisipishane na linalotarajiwa kwa zaidi ya asilimia 15, na sisi tulikuwa tumepishana kwa zaidi ya asilimia 100 bila kugundua, kwa kuwa tulikuwa tumetazama kilele peke yake. Kiwango hicho pia hutaka mapigo matatu kwa kila upande wa mihimili mitatu, jumla 18. Sisi katika duru ya kwanza tulipiga upande mmoja tu, ule ambao kishale kilikaa vizuri mezani.

Kuhusu kuchuja, niseme kidogo. Mwenye maabara alipendekeza tuchuje rekodi ya kona kwa programu ili kilele cha 2,600 kishuke, na kweli kingeshuka hadi karibu 1,500. Tungepata namba sahihi kutoka kwenye kipimo kibovu, na ile sifuri iliyohama ingebaki humohumo bila kuonekana.

Antena iliyokatika bado ni deni. Kiungo kile hakikukatika hata mara moja kwenye mnara, kwa urefu wala ubavuni, na hakuna mtu miongoni mwetu anayeuchukulia ukweli huo kama ushahidi kwamba ni imara, maana kofi la gogo ni mara sita ya pigo la mnara na kasi yake ni zaidi ya mara kumi. Fundi ameanza kukereza fimbo ya chuma ya mita moja na nusu kwa ajili ya kukigonga kishale kilichosimama, badala ya kukirusha kishale kwenye gogo. Mpaka fimbo hiyo ipimwe yenyewe kwanza, safu ya "kugonga" kwenye jedwali la ripoti yetu ina neno moja tu katika kila mstari: haijapimwa.